Waliolipwa kwa Kilo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliyetaka kwenda Dar es Salaam kutoka Mtwara wakati wa masika alianza kwa dua. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, tukaachana na kivuko, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kilibaki tope kwa miaka mingi baada ya hapo, na basi liliweza kulala porini abiria wakala mihogo ya kuchoma mpaka ikaisha. Mji wetu kwa hiyo ulijitegemea kwa mengi. Tulikuwa na bandari ya kina kirefu waliyoijenga Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga uliokufa, tulikuwa na bahari, na tulikuwa na korosho. Ikifika Oktoba malori yalianza kushuka kutoka Newala na Tandahimba yamejaa magunia, na vichochoro vyote vikanuka mabibo yaliyoanza kuchacha. Asiye na mkorosho alikuwa na ndugu mwenye mikorosho. Ada za shule, mahari, mabati ya nyumba, deni la dukani, vyote viliahidiwa kwa neno moja: msimu.

Kiwanda ninachokikumbuka kilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Mikindani. Jina lake sitalitaja. Hakikuwa kimojawapo cha vile viwanda vikubwa ambavyo serikali ilivijenga kwa mikopo ya nje kuanzia miaka ya 1970. Vile vilikuwa vimelala, magugu yameota mpaka getini, mashine zimeshika kutu kabla ya kufanya kazi yenye maana. Hiki chetu kilikuwa ghala la zamani lenye paa la bati, boila nyuma, tanuri pembeni, na ukumbi mrefu wa kubangulia ambamo wanawake zaidi ya mia waliketi kwa safu, wawili wawili kwenye kila meza, kuanzia saa moja asubuhi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa akibangua pale msimu wa tatu au wa nne. Aliniombea kazi ya kuandika uzito kwenye mizani. Karani mkuu alitaka mtu anayejua kuandika namba bila kufutafuta, nikapewa kalamu, kiti cha mbao na daftari refu la jalada jeusi.

Wengi hula korosho bila kujua ilivyo kabla haijafika kwenye sahani. Ganda lake lina tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo mna mafuta meusi mazito yanayobabua ngozi. Korosho ghafi huanikwa kwanza, kisha hupikwa kwa mvuke ili ganda likakamae na kukatika vizuri, halafu hulazwa zipoe, na asubuhi ndipo zinapoletwa mezani. Meza ina kanyagio la mguu, mkono wa chuma, na visu viwili vilivyopindwa kufuata umbo la korosho. Mbanguaji huweka korosho katikati ya visu, hukanyaga, huvuta mkono, ganda linaachana. Mwenzake upande wa pili huchokoa kiini kwa kisu chembamba. Kiini hicho hakitakiwi kuvunjika. Baadaye huingizwa tanurini kwa saa kadhaa mpaka ile ngozi ya kahawia ikauke, kisha wanawake wengine huimenya na kuzichambua korosho kwa madaraja. Daraja lililotafutwa sana na wanunuzi wa nje liliitwa W320, yaani korosho nyeupe nzima zinazofika kama 320 kwa ratili moja. Kuna nusu, kuna vipande, kuna zilizoungua. Bei hushuka kila unaposhuka daraja.

Mama mdogo alikuwa na bakuli la majivu ya kuni na kichupa cha mafuta ya nyonyo. Kabla ya kuketi alijipaka mafuta mikononi, akachovya vidole kwenye majivu, akaanza. Baada ya muda alirudia tena. Glovu zilikuwapo stoo, ila aliyechukua alikatwa fedha yake, na wenyewe walisema hazifai, kwa kuwa mkono uliovaa glovu hauwezi kuhisi kama korosho imekaa sawa kwenye kisu. "Glovu haina macho," alikuwa akiniambia. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye fundo la kwanza, ngozi ikibanduka na kuota upya bila kupumzika. Miezi ya kazi nyingi alikula kwa kijiko, katika nyumba ambamo sisi sote tulikula kwa mkono, kwa sababu ugali wa moto ulimchoma na pilipili iliingia kwenye michubuko.

Mwisho wa mwezi wa kwanza karani mkuu aliniletea daftari la pili ninakili, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Hili lilikuwa jembamba. Ndani yake mlikuwa na fundi wa boila na msaidizi wake, watu wa tanuri, wapakizi, fundi wa mashine, dereva, walinzi, karani mwenyewe. Mbele ya kila jina palikuwa na mshahara wa mwezi, makato ya mfuko wa pensheni, yaani NSSF, na siku za likizo. Majina yote yalikuwa ya wanaume, isipokuwa moja, la dada aliyepiga taipu ofisini kwa meneja. Daftari langu refu lilikuwa na majina ya wanawake watupu, na mbele ya kila jina palikuwa na kilo.

Nimefikiri juu ya madaftari hayo mawili kwa miaka mingi sasa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke alipwe pungufu ya mwanamume. Mwanamume angekuja kubangua angelipwa bei ileile ya kilo, na walikuja wachache, vijana, wakakaa siku chache wakatafuta njia ya kuhamia kwenye kupakia magunia. Anayeutafuta ubaguzi kwa kulinganisha bei na bei asingeuona pale. Wanawake walipimwa kwa kilo, wanaume kwa mwezi, na hapo ndipo pengo lilipoanzia. Mama mdogo alikuwa miongoni mwa walioongoza ukumbini, na katika mwezi wake mzuri kabisa alifikia kama nusu ya mshahara wa mlinzi wa geti.

Kilo zenyewe zilikuwa na siri yake. Msimu huo, karibu na Krismasi, mvuke wa boila ulipungua. Korosho zilikuja mezani hazijaiva sawasawa, ganda bado laini, kisu kikizama badala ya kukata, na kila kiini cha pili kikatoka kimevunjika. Kwenye mizani niliandika bakuli mbili kwa kila mtu: nzima, na zilizovunjika. Zilizovunjika zililipwa chini ya nusu ya bei ya nzima. Wanawake walioketi tangu saa moja, waliokanyaga kanyagio lilelile mara zilezile, waliondoka na fedha isiyofika ya jana yake. Ilipofika zamu ya mama mdogo kalamu ilinigoma. Aliiona akasema, "Andika tu, mwanangu. Mvuke si wako."

Mwisho wa mwezi nilinakili mshahara wa fundi wa boila. Ulikuwa kamili. Sisemi alistahili kukatwa. Alikuwa mtu mwema, mwenye watoto, na boila lile lilikuwa bovu tangu siku lilipoletwa. Aliwaambia wakubwa wake mara nyingi wanunue vali mpya, wakamjibu avumilie. Ninachosema ni kwamba ubovu wa boila ulilipiwa na wanawake. Umeme ulipokatika, walilipia wanawake. Lori lilipochelewa kushuka kutoka Tandahimba, wanawake waliotembea kwa miguu kutoka Magomeni na Chikongola walifika getini wakaambiwa leo hakuna mzigo, rudini kesho, wakageuza. Wanaume wa daftari jembamba walikaa chini ya mwembe wakicheza bao, na siku yao ikahesabiwa kama siku nyingine yoyote. Hasara zote za kiwanda kile zilikuwa na njia moja ya kutokea, nayo ilipita kwenye daftari langu.

Wanawake waliyajua haya yote kabla yangu. Baada ya wiki ile ya mvuke, watatu walichaguliwa kwenda kwa msimamizi: mama mdogo, mama mmoja wa Newala aliyekuwa na sauti, na bibi mmoja mwenye ndonya mdomoni, mkubwa kuliko wote ukumbini, aliyekuwa akimenya ngozi za korosho kwa kasi ambayo vijana hawakuifikia. Nilikuwa kwenye kona ya ofisi ile najumlisha, nikasikia neno kwa neno.

"Shikamoo, bibi," msimamizi alisema, akasimama, akampa kiti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumekuja kuuliza habari za mvuke."

"Za mvuke tumezisikia. Fundi anazishughulikia."

"Na sisi, nani anatushughulikia?"

Msimamizi hakuwa mkali. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeamini anachosema, na hilo ndilo lililonikaa moyoni mpaka leo. Alisema malipo ya kilo ni haki kuliko hata mshahara, kwa kuwa anayefanya sana anapata sana. Alisema kazi ya kukaa kivulini si sawa na kubeba gunia au kulala na boila. Alisema kila mama anaondoka saa anayotaka, kwenda kupika, kwenda shambani, na wa mwezi hana ruhusa hiyo. Mwisho akasema, kwa upole, "Halafu wengi wenu waume wapo. Hizi ni fedha za mboga."

Bibi alinyamaza kidogo. "Mume wangu yuko kaburini Newala tangu enzi za Mwalimu," akasema. "Mboga ninayo. Ugali nani ananunua?"

Hakujibiwa. Waliahidiwa kwamba jambo lao litafikishwa juu.

Lile neno la fedha za mboga nimelisikia tena na tena katika maisha yangu, ofisini, kwenye semina, hata kutoka kwa watu waliosoma sana. Linasemwa kana kwamba kila mwanamke ana mtu nyuma yake. Katika safu ya mama mdogo, waliokuwa na waume walioleta kitu nyumbani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwetu kusini ndoa nyingi huvunjika mapema, watoto hubaki upande wa mama, na mjomba anayetakiwa kusaidia naye ana wake. Mama mdogo alikuwa na wanawe watatu, mimi wa nne, na bibi yetu aliyekwisha kupofuka. Ada yangu ya sekondari, kabla serikali haijaifuta kuanzia mwaka 2016, ilitoka kwenye korosho nzima alizozipima kilo kwa kilo. Fedha za mboga zilinifikisha kidato cha nne.

Kuhusu saa, msimamizi alisema ukweli, ila hakuumaliza. Ni kweli mama mdogo aliondoka ukumbini saa nane mchana wakati watu wa mwezi walikaa hadi saa kumi na moja. Lakini saa nane haikuwa saa ya kupumzika. Alipita bombani kwa jirani kusubiri zamu ya ndoo, akabadilisha nguo za bibi, akapika chakula cha pili cha siku, na jua likipoa akaingia shambani kwenye mihogo na mbaazi. Alfajiri alikuwa ameshafagia, ameshapika uji, ameshatutuma shule. Kiwanda kilipata saa zake bora za siku, mikono ikiwa na nguvu na macho yakiona vizuri, kisha kikamhesabu kuwa mtu wa nusu siku. Kwa kuwa ni wa nusu siku, hakuwa na likizo, hakuwa na NSSF, hakuwa na siku ya kuugua. Mtoto akishikwa na malaria, kilo za siku hiyo zimekwenda.

Mwaka 2023 mwanauchumi wa Kimarekani, Claudia Goldin, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi aliyoifanya miaka mingi juu ya kazi na mapato ya wanawake. Moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba siku hizi, katika nchi tajiri, sehemu kubwa ya pengo la mapato kati ya wanaume na wanawake haitoki kwenye tofauti ya elimu wala ya aina ya kazi. Huanza anapozaliwa mtoto wa kwanza, kwa sababu ajira hulipa zaidi mtu anayeweza kupatikana saa zote. Nilisoma habari hiyo nikamkumbuka msimamizi wetu. Alikuwa ameshatuambia mwenyewe, mbele ya yule bibi mwenye ndonya, bila kujua kwamba anaeleza chanzo cha pengo. Wa mwezi ni yule ambaye nyumbani kuna mtu mwingine wa kupika.

Yule mama wa Newala hakuridhika. Wiki chache baadaye mtu mmoja wa tanuri aliacha kazi akaenda kuvua Msimbati, naye akaenda kuomba nafasi. Hakuwa na mtoto mdogo. Binti zake walikuwa wakubwa, mmoja ameolewa. Aliambiwa kazi ya tanuri ina zamu ya usiku. Akasema ataiweza. Akaambiwa kuna trei nzito. Akanyanyua trei mbele yao. Basi akapewa, kwa majaribio. Nilimwona akijifunza kuusoma ule moto, akifungua mlango wa tanuri kidogo, akichukua kiini kimoja, akikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kuona kama ngozi inaachia. Ikikauka sana korosho huungua na kugeuka rangi. Ikikauka kidogo wamenyaji hawaiwezi. Baada ya muda mfupi wamenyaji wenyewe walikuwa wakiuliza asubuhi kama trei za usiku ni zake, kwa sababu zake zilimenyeka.

Nikasubiri jina lake liingie kwenye daftari jembamba. Halikuingia. Karani mkuu alinitumia karatasi ya pembeni: alipwe kutwa, mpaka atakapozoea. Mtu wa tanuri aliyekuwa zamu nyingine, kijana aliyeanza baada yake, aliandikwa wa mwezi tangu siku ya kwanza kwa kuwa "ana familia". Mama yule alifanya kazi ile ya kutwa mpaka msimu ukaisha, usiku kwa mchana, kwa fedha iliyozidi kidogo tu ile ya kubangua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata wakivuka ukumbi, kipimo chao kilivuka nao.

Sheria ilikuwa njiani. Tanzania iliridhia mwaka 2002 ule Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unaodai malipo sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha hilo. Tazama vizuri maneno hayo: thamani sawa, si kazi ileile. Kwa hiyo hoja ya kwamba kubangua si sawa na kukaa na boila haimalizi jambo. Inabidi tuulize thamani ya kiwanda kile ilitengenezwa wapi. Korosho ikitoka nzima, mnunuzi wa nje analipa bei ya juu. Ikitoka imevunjika, faida imekufa. Tofauti hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake, korosho moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Hakuna mtu katika jengo lile aliyeshika fedha ya mwenye kiwanda kwa karibu kuliko mbanguaji. Angewekewa mizani ya thamani, mama mdogo asingekuwa chini ya mlinzi.

Sheria hiyohiyo ina mwanya unaowaangukia wanawake hawa zaidi kuliko wengine. Kifungu cha 35 kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri yuleyule. Msimu wa kiwanda kidogo ukiwa mfupi, mzigo ukiisha Machi au Aprili, mbanguaji huambiwa aende nyumbani, na Novemba anaanza upya kama mgeni, japo meza ni ileile na makalio yake yameshachonga benchi.

Kiwanda kilifungwa misimu michache baada ya mimi kuondoka kwenda kusoma Songea. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: wanunuzi wa kutoka nje walilipa vizuri korosho ghafi, viwanda vidogo havikuwa na mtaji wa kushindana nao mnadani. Na hivyo ndivyo ilivyoendelea. Tanzania ilivuna tani 145,000 msimu wa 1973/74, ikaanguka mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, ikapanda tena hadi kuvuka tani 300,000 msimu wa 2017/18, na sehemu kubwa ikapakiwa melini na maganda yake kwenda India na Vietnam. Kule Kollam, katika jimbo la Kerala, wanaozibangua ni wanawake pia. Wanajipaka majivu vidoleni vilevile. Ndugu zangu wanaodhani kwamba tatizo letu ni kupeleka kazi nje wanasema nusu ya jambo. Kazi yenyewe, popote ilipokwenda, ilikwenda na ujira wake mdogo na jinsia yake.

Siku ya kufunga, watu wa daftari jembamba walipewa notisi, malipo ya likizo na kiinua mgongo. Wabanguaji waliambiwa msimu umeisha. Walikuwa wameusikia usemi huo kila mwaka, kwa hiyo baadhi yao Novemba iliyofuata walikuja getini na mabakuli yao ya majivu.

Niliporudi Mtwara kuishi, mama mdogo alikuwa akibangua nyumbani kwa mkono, anakaanga, anauza kwenye vifuko pale stendi, na wakati wa ming'oko anachemsha ming'oko. Mwanzoni mwa mwaka 2020, serikali ilipotaka laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, nilimpeleka kwa wakala. Kijana akamwekea kidole gumba kwenye kile kimashine, kikakataa. Cha shahada, kikakataa. Akampangusa kwa kitambaa, akajaribu cha kati, cha mwisho, mkono wa kushoto. Ngozi ilikuwa laini, imenyooka, mistari imefutika. Kijana akamuuliza kwa heshima, "Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?" Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu. Tulikwenda kwa mawakala wawili zaidi mpaka kidole kidogo cha kushoto kikakubali.

Fundi wa boila, aliyeanza kazi kwenye kimojawapo cha viwanda vya serikali, anapokea pensheni yake ya NSSF. Si nyingi, lakini inaingia kila mwezi. Namtembelea, naye humsalimia mama mdogo kwa kumwita "dada yangu wa kazini". Walifanya kazi chini ya paa moja. Mmoja alichangiwa uzee wake, mwingine alilipwa kilo zake akaondoka.

Sasa mipango imerudi. Serikali inataka korosho zibanguliwe hapahapa, eneo la viwanda limetengwa Maranje, na kila mkutano wa hadhara tunaambiwa vijana na akina mama watapata ajira. Mimi nafurahi. Nimeuona mji wetu msimu wenye kazi na msimu usio na kazi, na najua upi naupenda. Ila nimesikiliza hotuba hizo na sijasikia swali ambalo yule mama wa Newala angeliuliza: je, tutaandikwa daftari gani?

Amri za kima cha chini za mwaka 2013 na 2022 hazikuweka mshahara wa mwezi peke yake. Ziliweka pia kiwango cha saa, cha siku na cha wiki. Kwa hiyo hakuna kizuizi cha kumwekea mbanguaji sakafu: akifika kazini, siku yake ilipwe, mzigo uwepo au usiwepo, mvuke utoshe au usitoshe, na kilo ziwe nyongeza juu ya hapo. Anayefanya kazi saa sita badala ya tisa achangiwe NSSF kwa saa hizo sita. Misimu yake ihesabiwe pamoja, ili Novemba asianze upya kama mgeni. Haya si mambo makubwa kwa mwenye kiwanda aliyepewa ardhi, barabara na msamaha wa kodi.

Nawaomba madiwani wetu, nawaomba chama cha wafanyakazi cha TUICO, na nawaomba maofisa wa kazi wa mkoa: kabla mashine hazijafungwa, itisheni mikataba muisome. Na ninyi akina mama wa Nanyamba, Tandahimba na Newala mtakaoitwa kwenye usaili, msiulize kwanza bei ya kilo. Ulizeni siku ambayo hakuna mzigo mtalipwa nini, na jibu mlitake kwa maandishi.